Safari Yetu ya Newala na Mkunya



Kila likizo inapokaribia, watu wengi wenye nafasi huanza kuzungumza juu ya nchi za mbali. Hutazama picha za vijiji vya Hispania na Italia vilivyojengwa juu ya vilele vya milima, nyumba zake nyeupe zimeshikamana kama kundi la njiwa, na mume na mke wakipita baina yake kwa gari dogo, leo wakilala kijiji hiki, kesho kile. Sisi nasi tulizitazama picha hizo na tukazipenda. Lakini tulipokaa kuhesabu fedha zetu, na baada ya kuhesabu fedha tukahesabu na deni zetu, tuliona kwamba viko vijiji vya mlimani karibu zaidi, ambavyo vilikuwa na haki juu yetu kwa muda wa miaka mingi. Navyo ni vijiji vya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na hasa kijiji cha Mkunya.

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Dar es Salaam. Bibi mzaa mama wa mmoja wetu alizaliwa Mkunya. Katika miaka ya 1950 alifuatana na mumewe kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyofanya Wamakonde wengi wa zama zile, wala hakurudi tena kuishi kwao. Uzeeni alikaa nasi. Mwaka 2003 ilikuja barua kutoka Mkunya, kwa mdogo wake, ikiandikwa kwa mkono wa mtoto wa shule. Barua hiyo iliuliza hali, ikatoa salamu za watu wengi kwa majina yao, na mwisho ikaomba msaada wa mifuko ya saruji, kwa kuwa walikuwa wakitaka kujenga kisima uani. Tulimsomea bibi. Akatuambia tujibu. Tukasema, "Inshallah, mwisho wa mwezi." Barua ikaingia katika mtoto wa meza. Kila alipotuuliza tulimwambia kwamba jambo limeshughulikiwa. Bibi alifariki mwaka 2005, akiamini kuwa jibu limekwenda. Halikwenda.

Twaliandika jambo hili mwanzoni ili msomaji asituone kuwa ni wasafiri wa kustarehe tu. Tulikwenda kustarehe, ni kweli; lakini tulikwenda na mzigo ambao haukuwa ndani ya sanduku.

Tuliondoka mwezi wa Agosti mwaka 2024, wakati wa kipupwe, ambao ndio wakati mwema wa kusafiri kusini. Mvua zimekwisha, jua halichomi, na mikorosho imo katika kutoa maua. Kutoka Dar es Salaam hata Lindi ni yapata kilomita 450. Tuliuvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Zamani hapo palikuwa na kivuko, na wakati wa masika watu wa kusini walikuwa kama walio kisiwani. Aliyekuwa na mgonjwa Dar es Salaam aliweza kupata habari ya maziko kabla ya kupata njia. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 2003. Tulipoikumbuka tarehe hiyo tulinyamaza kwa muda garini, maana ndio mwaka ule ule wa barua. Tulizoea kusema kuwa njia ya kusini ni mbaya. Kumbe udhuru wetu ulikwisha zamani, nasi tukaendelea kuutumia.

Tulilala Lindi, na alfajiri baada ya sala tukashika njia tena. Ukifika Mingoyo njia hugawanyika: ya kushoto yaenda Mtwara, na ya kulia yapanda bonde la mto Lukuledi kwenda Masasi. Tukashika ya kulia. Upande wa kushoto wa msafiri husimama ukingo wa uwanda wa Makonde, mrefu na wa kijani, kama ukuta wa ngome usio na mwisho. Mvua inyeshayo juu ya uwanda hupenya mchangani, ikashuka chini kwa chini, ikatokea tena hapa mabondeni kwa chemchemi. Chemchemi za Mbwinji, zilizo chini ya ukingo huu, ndizo zinazowanywesha watu wa Masasi na Nachingwea. Basi tazama ajabu ya mambo: maji huwashukia kwanza watu wa juu, lakini hunywewa na watu wa chini.

Masasi hapako juu ya uwanda. Ni mji wa tambarare, umezungukwa na majabali makubwa ya mviringo yaliyoota ardhini, mengine yakiwa na ukubwa wa mlima mzima. Mji huu una historia ya kusikitisha. Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza, wakiongozwa na Askofu Steere, walikiweka hapo kituo cha watu waliokombolewa katika utumwa. Baada ya miaka sita tu, mwaka 1882, wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walikivamia wakaua na kuteka. Mmisionari Chauncy Maples na baadhi ya watu wake wakahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao wa nchi ile. Lupaso, alikozaliwa na alikozikwa Rais Benjamin Mkapa, aliyefariki mwaka 2020, pia ni katika nchi hii ya Masasi.

Twayataja haya kwa sababu ndiyo yatakayomfahamisha msomaji kwa nini watu walipanda mlimani.

Kutoka Masasi tukaanza kuelekea Newala. Njia hii ni sehemu ya barabara ya kilomita 210 inayotoka Mtwara kupita Nanyamba, Tandahimba na Newala hata Masasi. Wakati wa safari yetu kilomita 50 za upande wa Mtwara, mpaka Mnivata, zilikwisha tiwa lami, na sehemu nyingine zilikuwa bado zikitengenezwa. Mahali pamoja tulielekezwa kupita pembeni, tukaingia katika mchanga laini, na magurudumu yakazama. Mmoja wetu alitaka kukanyaga mafuta kwa nguvu. Mwenzake akamwambia asubiri. Maneno mawili matatu yalitutoka ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la watu wenye heshima. Ndipo wakatokea vijana wanne waliokuwa wakitoka shamba. Walitupa salamu kwanza, wakatuuliza tutokako na tuendako, kisha wakatuambia tupunguze upepo wa magurudumu. Wakakata matawi, wakayalaza chini, wakasukuma. Gari lilipotoka tukawapa fedha. Mkubwa wao akasema, "Hapana, baba. Mkifika Newala tuombeeni dua, njia iishe." Hatukuweza kumpa zaidi ya maji ya chupa, nayo aliyapokea kwa mikono miwili na kuwapa wenzake kabla ya kunywa yeye. Baadaye tuliifahamu maana ya mikono ile miwili.

Newala iko karibu mita 700 juu ya bahari, penye ukingo wa uwanda. Asubuhi ya kipupwe ukungu huufunika mji, na watu hutembea wamejitanda kana kwamba wako Lushoto. Jua likipanda, ukungu huondoka, na hapo ndipo mgeni huenda kusimama mahali paitwapo Shimo la Mungu. Ardhi huishia ghafula mbele ya miguu yako, ikaporomoka kwa mabonde na migongo ya kijani, na mbali kabisa chini waona nchi ya mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Tulisimama hapo kimya. Mwanadamu akiona ukubwa wa namna ile, neno la kwanza limjialo mdomoni ni kumsabihi Muumba wake.

Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mwanachuoni wa Leipzig, Karl Weule, alifika Newala kutoka Lindi na Masasi, akakaa akichunguza desturi za watu. Kitabu alichokiandika kilienea Ulaya. Katika mambo yaliyomshangaza ni hili: kwamba watu wamejaa juu ya uwanda usio na mto wala ziwa, na maji yako chini ya magenge. Wanawake walishuka na mitungi, wakapanda nayo kichwani, na safari moja ilikula sehemu kubwa ya siku.

Kwa nini basi watu wakae mahali hapo? Wamakonde wenyewe wana kisa cha kale. Husimuliwa kwamba mtu mmoja aliyeishi peke yake alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke, akamwoa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa. Wakasogea juu kidogo, wa pili akafa naye. Walipopanda hata juu ya uwanda penye kichaka kinene, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo wakausia watoto wao wakae juu, wala wasikae penye maji. Sisi Waislamu hatukichukui kisa hiki kuwa ni itikadi. Lakini mwenye akili hukiona kiini chake. Bondeni palikuwa na homa, na bondeni ndiko walikopita Wangoni wa kuteka na misafara ya watumwa iendayo Kilwa, Lindi na Mikindani. Kichaka cha juu kilikuwa ngome. Aliyepanda aliokoa watoto wake, akalipa kwa maji. Na mlipaji mkubwa alikuwa mwanamke, kwa shingo yake.

Hapa tulivikumbuka vile vijiji vya Ulaya. Navyo havikujengwa kileleni kwa ajili ya kupendeza. Vya Italia vilikimbia majeshi na malaria ya mabondeni. Vya Andalusi, kusini mwa Hispania, vingi vilikuwa vya Waislamu, waliotawala sehemu za nchi ile tangu mwaka 711 hata mwaka 1492 ulipoanguka mji wa Granada. Nao walikabiliwa na swali lile lile la maji. Walichimba mifereji ya kuyaleta kutoka milimani, na visima vya kuyahifadhi majumbani na kando ya misikiti. Hata leo Wahispania huuita mfereji huo acequia, kwa Kiarabu as-saqiya, na kisima hicho aljibe, kwa Kiarabu al-jubb, neno la kisima alimotupwa Nabii Yusufu. Katika mtaa wa Albaicín mjini Granada vimebaki visima vya namna hiyo vya karne na karne, na waliovijenga walikwisha fukuzwa. Watalii hupiga picha vyungu vya maua madirishani. Sisi twaona kwamba chenye thamani zaidi ni lile shimo lililo chini.

Kutoka Newala mjini hata Mkunya si safari ndefu. Tulifika karibu na adhuhuri, na kwa kuwa hatukumjua mtu, tulikwenda moja kwa moja msikitini. Uislamu uliingia nchi hizi kwa watu wa misafara ya pwani na kwa walimu wa Kiyao na wa Kiswahili, na baada ya vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 mpaka 1907, ukaenea sana vijijini. Leo mgeni Mwislamu hapati tabu ya kuuliza kibla. Tulitawadha kwa kopo dogo. Mzee aliyetupimia maji alitazama jinsi tulivyoyamwaga, akatabasamu, akasema, "Wageni hawa wametoka kwenye mto."

Baada ya sala tulieleza shida yetu. Wazee hawakuuliza jina la baba wala la babu. Waliuliza, "Mama yake mama yake ni nani? Na ndugu zake mama huyo ni akina nani?" Kwani kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Jina lilipotajwa, mzee mmoja alisimama akashika fimbo yake. "Basi huyu si mgeni," akasema. "Huyu ni mtoto wa hapa. Yule mdogo wa bibi yake yungali hai."

Bibi mdogo tulimkuta ameketi kivulini juu ya mkeka, akipukuchua mbaazi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na mashavuni alikuwa na nembo za zamani. Tulimpa shikamoo, akaitika. Mjukuu wake akamweleza sisi ni nani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanyosha mkono akaushika uso wa mjukuu wa dada yake, akaupapasa paji, pua na kidevu, kama mtu asomaye.

Halafu akaita, "Leteni maji wanywe."

Maji yakaja katika kikombe cha bati, ya baridi na matamu. Yalitoka katika kisima cha saruji kilichochimbwa uani, kipokeacho maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya nyumba kwa mfereji mwembamba. Maji ya masika hutunzwa humo mpaka mwisho wa kiangazi. Tukajua ni kisima gani. Kikombe kilikuwa kizito mkononi.

Mmoja wetu akaanza kusema juu ya ile barua. Bibi mdogo akamwacha aseme yote, pamoja na mtoto wa meza, pamoja na uongo tuliomwambia dada yake. Alipomaliza, bibi akajibu kwa sauti ya upole:

"Saruji niliipata, mjukuu wangu. Tuliweka rehani mikorosho ishirini. Jibu ndilo sikulipata. Mimi nilidhani dada ameniudhikia. Nimekaa miaka nikijiuliza nilimkosea nini."

Ndugu wasomaji, tulikuwa tumejiandaa kulaumiwa kwa ajili ya mifuko ya saruji. Tulikuwa na fedha katika bahasha, na tulidhani kwamba bahasha ile italimaliza jambo. Hatukuwa tumefikiri hata siku moja kwamba mwanamke mzee anaweza kukaa miaka ishirini na moja akiamini kuwa dada yake amekufa naye amekasirika. Tulilia, wala hatuoni haya kuyaandika haya.

Tulikaa Mkunya siku tatu. Tulikula ming'oko, ambayo ni mizizi ya porini ichimbwayo wakati wa kiangazi, ikachemshwa ikaliwa kwa chumvi. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu na samaki ng'onda waliopandishwa kutoka pwani. Tulipelekwa shamba tukaonyeshwa mikorosho. Mti huu ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno, nao umeipenda ardhi hii ya mchanga kuliko mahali pengi. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Lakini watu walipohamishwa kwenye vijiji vya mbali na mashamba yao, bei ilipokuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ulipoenea, mavuno yalianguka hata kufikia chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87. Kisha wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, walitoa mbegu bora na mafunzo ya kupuliza salfa, bei nazo zikapanda, zao likafufuka. Mkorosho ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, na kwa hiyo ndio kisima. Kumi katika ile mikorosho ishirini ilikuwa haijakombolewa bado.

Tulimwomba mjomba, mtoto wa bibi mdogo, atupeleke kwa mwenye rehani. Mjomba alitafakari, kisha akasema jambo hilo haliamuliwi na wageni, hata wakiwa watoto wa nyumba. Litazungumzwa kwanza na watu wa ukoo. Likazungumzwa jioni, baada ya Isha. Bibi mdogo alisema anakubali kwa sharti moja: "Mti haujui mtu. Mwakani mje na watoto. Watoto wakiijua njia, hata nikifa barua zitajibiwa." Mikorosho ikakombolewa siku ya pili, mbele ya mashahidi.

Tuliuliza pia habari ya maji ya bomba. Katika miaka ya 1950 ndipo ulipoanza mradi wa kuyapandisha maji kwa mashine kutoka chanzo cha Mitema, katika bonde la Kitangari, na katika miaka ya 1970 nchi ya Finland ilisaidia kuukuza. Mradi huo uliwatua akina mama mzigo mkubwa. Lakini maji yasukumwayo mlimani hutaka mashine, umeme na fedha kila siku. Mashine ikisimama, bomba husimama. Kwa sababu hiyo nyumba yenye busara bado hutunza kisima chake cha mvua.

Tulirudi kwa njia ya Tandahimba na Nanyamba hata Mtwara, uwanda ukishuka polepole kuelekea bahari. Tulipita Mikindani, mji mkongwe wa bandari, alikoanzia David Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866. Tuliona boma la Wajerumani la mwaka 1895 na nyumba za mawe za zamani. Ni mahali pa kupendeza, na aliye na siku moja zaidi asipapite. Lakini mawazo yetu yalikuwa yamebaki juu.

Kwa vijana na wazazi wapendao kufuata njia hii, twatoa nasaha chache. Nendeni baina ya Juni na Septemba. Chukueni gari lenye kimo, gurudumu la akiba, na pampu ya upepo. Jazeni mafuta Masasi. Chukueni nguo za baridi. Tumieni ruhusa ya msafiri ya kufupisha na kukusanya sala, msikimbize gari kwa kuogopa wakati. Na mkifika juu ya uwanda, msimwage maji ovyo. Mtu akikupeni kikombe, kipokeeni kwa mikono miwili.

Nasaha ya mwisho ni kubwa kuliko hizo zote. Kabla ya kufungasha, fungueni mtoto wa meza. Huenda mna barua humo, au katika simu zenu kuna ujumbe wa shangazi au mjomba ambao mliusoma mkasema "baadaye". Dini yetu imetukaza sana juu ya kuunga udugu, nasi tulidhani kwamba kuunga ni kupeleka fedha. Bibi mdogo wa Mkunya ametufundisha kwamba kwanza ni kujibu.

Mwezi wa Agosti uliofuata, watoto wetu watatu walikuwa nyuma ya gari. Bibi mdogo alipapasa nyuso zao mmoja mmoja, kisha akaita, "Leteni maji wanywe."